Ngiri Alivyoziba Mfereji

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Walio nyuma wamelala? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, katika kinamasi cha mafunjo, aliishi Nzohe, swala wa majini. Alikuwa mja mzito, na alitaka kuzaa humo humo, maana Chui hawezi kunyata majini asisikike.

Jirani yake Ngiri alitamani shamba la viazi. Akachimba mfereji kwa pembe zake, maji yakaenda zake.

"Kaka Ngiri, acha!" Nzohe alimsihi. "Tope hili jeusi limemeza majani tangu enzi za mababu. Likilowa, limetulia. Likikauka, litatapika moshi."

"Dada, hiyo ni mimba inasema," Ngiri akacheka. Sikio la kufa!

Jua likawaka, tope likakauka. Cheche moja ikapeperuka kutoka moto wa nyasi kilimani, na ardhi ikashika moto chini kwa chini. Vyura wakahama. Korongo wakahama. Nzohe alimsikia mtoto akigeuka tumboni, akaogopa sana.

Ngiri akafukia moto kwa mchanga. Moshi ukatokea kando. Kiboko akaja, akaumwagia maji kwa mdomo. Moshi ukatokea kando.

"Mnahangaika na moshi, moto uko chini!" Nzohe akawaambia. "Kijito kinacholeta maji humu bado kinatiririka. Zibeni mfereji, maji yashuke yenyewe."

Wakaziba kwa magogo na matope, lakini katikati pakabaki tundu, na maji yakazidi kulipanua.

"Kaka, aliyetoboa ndiye azibe," Nzohe akasema. "Ingia kinyumenyume."

"Mimi? Makalio yangu haya?"

"Hayo hayo. Yanatosha kabisa."

Ngiri akatanguliza makalio, Kiboko akamshindilia matope, pu! pu! pu! Maji yakasimama, yakapanda, yakazama ardhini. Chini kukasikika shiiii! Moto ukafa.

Korongo wakarudi, vyura wakarudi, na Nzohe akazaa mtoto jike, miguu yake ikiwa majini. Ngiri hakutolewa mpaka mafunjo yaliposhika mizizi kumzunguka. Tangu hapo huingia shimoni kinyumenyume. Mazoea yana taabu.

Basi wanangu, kinamasi kilicholowa ni ghala, kikikaushwa ni tanuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ngiri hakujenga ukuta, alikuwa ukuta mwenyewe!

Hadithi naiacha hapa ingali mbichi. Anayeitaka aichukue.