Kamera Iliyoachwa Ghalani

Sogeeni karibu, na msikilize kama waamuzi, maana hadithi hii haitakwisha mpaka ninyi muimalize.

Katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha wakulima wa tangawizi, walikuwapo dada watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa, Nakunda, alikuwa na ghala. Marehemu baba yao alimwachia yeye ghala la matofali la kuhifadhia tangawizi, lenye kuta nene na chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wa kati, Nambua, alikuwa na macho. Alijua jua linagusa wapi kwanza asubuhi, na ukungu unakawia bonde gani. Wa mwisho, Naetwe, alikuwa na mdomo. Hata mtu aliyeamka na hasira zake, Naetwe angemchekesha kabla hajamaliza kumsalimia.

Wapiga picha walikuwa wakipita pale, wakipenda milima, kisha wakishuka haraka kwa sababu nyumba za wageni za barabarani zilikuwa ghali. Dada hao wakaona wawape mahali pa kukaa. Wakapaka ghala chokaa, wakashona magodoro ya sufi, wakaweka utaratibu: mgeni atajichotea maji, ataosha sahani yake, atakula makande na wenyeji, na akimpiga mtu picha atamwachia nakala. Kwa hiyo bei ikawa ndogo, na wageni wakaanza kukaa hata mwezi. Chumba cha nyuma kikawa cha kusafishia picha, kwa wale ambao bado wanatumia filamu.

Ubaya ulianzia kwenye jina. Vijana wa bodaboda wakimwona abiria mwenye kamera shingoni walisema, "Huyo ni wa kwa Naetwe." Nakunda akilisikia hilo, masufuria yalioshwa kwa kishindo. Nambua hakupiga kelele. Lakini hakulisahau. Tena picha zilizotundikwa ukutani zilikuwa za Naetwe akicheka, Naetwe na mbuzi, Naetwe na wageni. Ya Nambua ilikuwa moja tu, na ndani yake ulionekana mkono wake peke yake, ukimwonyesha mtu pa kusimama.

Siku Nambua alipothubutu kusema kwamba wageni wanafuata mwanga anaowaonyesha, Nakunda alimjibu huku akichambua maharage, "Jua ni la Mungu, Nambua. Ghala ndilo langu."

Kati ya wageni wote, aliyerudi mara nyingi zaidi alikuwa Mama Sechelela wa Dodoma, mtu mzima, mwenye kamera nzito ya filamu. Safari hii alisema macho yake yamechoka na hatarudi tena. Alitaka picha moja ya mwisho: Bibi Nakijwa akienda gulioni asubuhi na tenga la tangawizi kichwani. Bibi huyo hakuwahi kukubali kupigwa picha na mtu yeyote.

"Atakayenipatia picha hiyo nitamwachia kamera yangu," alisema. "Haigawanyiki, na sina nyingine."

Nambua akaisukuma kando sahani yake ya makande. Tangu utotoni alikuwa akiunganisha vidole vyake kuwa kidirisha, akiitazama dunia kupitia humo. Kamera ile aliitaka kuliko kitu chochote.

Naetwe akaenda kwa Bibi Nakijwa. Alimsaidia kumenya maharage, akasikiliza habari za magoti yake, akataniwa kwamba ataolewa na mzee asiye na meno, akacheka. Alipoondoka, bibi alikuwa amekubali. Njia atakayopita aliiacha wamchagulie wao.

Mama Sechelela alifurahi mno. Mbele ya wote akasema, "Bila Naetwe, mimi hapa ningekuwa napiga picha za miti tu." Kisha akamgeukia Nambua, amwambie wakasimame wapi.

Nambua alijua jibu. Ni kwenye jabali la Ndorwe, ambako jua huchomoza mbele ya mpita njia na kumwosha uso. Lakini lile neno kuhusu miti lilikuwa bado linamchoma. Akasema, "Bondeni, Msuri." Msuri ni shimo la ukungu. Asubuhi huwezi kumwona hata ng'ombe uliyemshika kamba.

Wakaenda. Ukungu ulikuwa mzito kama Nambua alivyotaka, na moyo wake ulitulia kwa furaha mbaya. Lakini Bibi Nakijwa alipotokea, jua likapenya nyuma yake. Mwili wake ukachorwa mweusi katikati ya weupe, tenga kichwani, pumzi ikimtoka kama moshi. Kwa kuwa ukungu uliuficha uso wake, hakuona haya. Alisimama ametulia mpaka Mama Sechelela akamaliza.

Jioni hiyo, filamu ikiwa imeshatolewa kwenye mkebe wake ndani ya chumba cha giza, upepo wa mvua ukalikamata bati la paa na kuanza kulinyanyua. Mwanga kidogo tu ungeiunguza kazi yote. Nakunda akaparamia ukuta, akalala kifudifudi juu ya bati, akalikandamiza kwa mwili wake. Mvua ilimchapa, na msumari ukamchana mkono, lakini hakushuka mpaka alipoitwa.

Kesho yake jioni, picha ilipokauka, Mama Sechelela aliitazama kwa karibu. Kisha akaiweka kamera mezani.

"Bibi alitoka kwa ajili yangu," alisema Naetwe.

Nakunda alionyesha kitambaa alichofungia jeraha mkononi. "Na picha isingepona bila mkono huu."

"Nambua," Mama Sechelela aliuliza, "ulijuaje kwamba ukungu ungefanya vile?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi. Angesema tu, najua. Nani angembishia?

"Sikujua, mama," alisema. "Nilikupeleka Msuri ili ukose."

Nakunda akamwambia atoke nje, hana fungu hapo. Naetwe akasema polepole, "Angedanganya angeipata, dada."

Mama Sechelela alivua miwani. "Maisha yangu yote nimepelekwa mahali pazuri," alisema, "nikarudi na picha kama za kila mtu."

Gari lake linakuja asubuhi. Makande yamepoa, hakuna anayekula. Nambua amesimama kizingitini, anaona mwanga wa mwisho wa jua ukipita kwenye kioo cha kamera, na vidole vyake, bila yeye kujua, vimejiunga kuwa kidirisha.

Haya, waamuzi. Kuna aliyelitoa ghala na damu yake, aliyemtoa bibi nyumbani kwake, na aliyeitoa picha kwa nia ya kuiharibu, kisha akausema ukweli uliomgharimu. Kamera ni moja, iko mezani. Wewe ungemkabidhi nani?