Ubao wa Kitanda cha Mwanjaa

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kulima shamba moja, bali zamani ya karibu, ambayo umeme ulikuwepo na kukatika ulikuwa ukikatika, palikuwa na msuka viti jina lake Singano. Sogeeni, msikilize vizuri, maana mwishoni mimi nitanyamaza na kazi itabaki kuwa yenu.

Singano hakuwa akiona. Surua ilimpofusha angali mtoto mdogo. Vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Kwa vidole alichagua ukindu, kwa vidole alisuka viti, na kwa vidole alimjua mkewe, Mwanjaa. Hakuwahi kumwona hata siku moja, lakini ungempanga Mwanjaa katikati ya wanawake wa mji mzima, Singano angepitisha mkono mara moja tu na kusema, "Huyu hapa."

Mwanjaa akaugua, akafa. Watu wakalia, wakazika, wakaanua matanga, wakarudi kwao. Singano akarudi kwenye viti vyake. Asubuhi moja, katikati ya kusuka, alitaka kumkumbuka mkewe. Paji la uso akalikuta. Pua akaikuta. Kidevu akakitafuta, hakukiona. Vidole vilikuwa vimeanza kusahau.

"Saumu," alimwita binti yake, "mama yako ananitoka."

"Baba, picha yake si ipo ukutani?"

"Picha ni ya wenye macho, mwanangu."

Sasa, katika mtaa huohuo aliishi Mwalimu Kupaza, mwalimu wa hesabu. Yeye alikuwa na mashine aliyoiunga mwenyewe katika chumba cha uani: mashine ya leza, ichomayo mbao kwa mwali wa mwanga mwembamba kuliko uzi. Haikuwa kazi yake, ilikuwa furaha yake, na furaha ile ilimtia aibu mara nyingi. Aliichora maua sinia ya mbao ya mama mkwe wake, ikatoboka. Alitengeneza saa ya ukutani, akazigeuza tarakimu, saa ikawa inarudi nyuma. Wanafunzi wakipita dirishani walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo mwalimu! Leo umeunguza nini?"

Kupaza aliposikia habari za Singano, alikwenda kwake.

"Shikamoo mzee. Mashine yangu haichori tu, inachimba. Nikimchimba marehemu ubaoni, utampapasa."

"Hata kidevu?"

"Hata kidevu."

Singano akainuka, akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na ubao wa mninga, mnene, mzito. Mchwa walikuwa wamekila kitanda cha Mwanjaa, miguu na mbavu, wakabakiza ubao wa kichwani tu. Ubao ni mmoja, wa pili haupo.

"Ninyi mlio hapa nisikieni," alisema Singano. "Atakayemrudisha Mwanjaa mikononi mwangu, nikifa mimi, ubao huu ni wake. Nimesema."

Saumu alikuwa mlangoni, akasikia.

Kupaza akaitia picha ya Mwanjaa katika kompyuta, akaulaza ubao, akaiwasha mashine. Moshi ukatoka dirishani mpaka jioni. Ubao ulipoletwa, majirani walishika vinywa. "Mwanjaa mwenyewe! Amebakiza kusema tu." Saumu akalia. Ubao ukawekwa magotini mwa Singano, naye akaweka vidole.

Penye nywele, vidole vilitumbukia mtaroni. Penye meno, vilikuta meno yamesimama peke yake kama mawe njiani. Penye macho palikuwa na mashimo mawili. Singano akautoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto.

"Nani amemtoboa mke wangu macho?"

Kupaza aliketi chini, palepale vumbini, na polepole akayaelewa aliyoyafanya.

"Mashine huchimba penye weusi, mzee. Mboni ni nyeusi, zikawa mashimo. Meno ni meupe, yakabaki juu. Nimetengeneza sura ya kutazamwa, nikampa mtu wa kupapasa. Kosa ni langu."

"Ubao una upande wa pili," alisema Saumu.

"Una wa pili," alisema Kupaza, "na hauna wa tatu."

Kisha Kupaza akasema kwamba sharti kwanza upatikane uso wa kushikika, wenye kupanda na kushuka, ndipo mashine iufuate. Wakamwita Bi Mkami, mfinyanzi, shoga wa marehemu tangu utoto wao.

"Shemeji," alisema Bi Mkami, "unanitaka nifinyange uso? Mama yangu aliniachia mwiko mmoja. Finyanga tumbo, finyanga shingo, finyanga mdomo, macho usifinyange. Alisema chungu kikipata macho kitakuomba na roho, na roho huna ya kukipa." Akajifunga kanga, akaenda zake.

Kesho yake alirudi na udongo kichwani. "Mama yangu nitamjibu mwenyewe huko niendako. Haya, nani ananipa kipimo? Picha hainiambii pua imeinuka kiasi gani."

"Mimi," alisema Saumu. "Wote husema nimechukua sura ya mama."

Majirani walitazamana. Mtaa mzima ulijua jambo ambalo Singano hakulijua. Mwanjaa alipokuwa mgonjwa, Saumu alikaanga maandazi usiku na mchana ili dawa zipatikane, na siku moja usingizi ulimchukua mbele ya karai. Mafuta yakamrukia shavu la kushoto. Baba yake alipouliza kelele ni za nini, alimwambia, "Kidole tu, baba." Akawaomba majirani, kila mmoja kwa wakati wake, wasimwambie. Na tangu siku ile hakumruhusu baba yake amguse uso.

Sasa akapiga magoti mbele ya baba yake, akaushika mkono wake, akauweka mwenyewe usoni pake.

Mkono wa kushoto wa Singano ukapita juu ya uso wa binti, wa kulia ukapita juu ya udongo. "Paji, hivyohivyo. Pua, ya mama yako ilikuwa pana zaidi. Ongeza udongo, shemeji." Mkono ukashuka shavuni. Ukasimama.

"Hii nini?"

"Mafuta, baba."

"Lini?"

"Mama alipokuwa kitandani."

Mkono ulibaki pale muda mrefu, na Bi Mkami akajifanya anatafuta maji. Kisha mzee akakohoa, akasema, "Shemeji, mashavu yote mawili, fuata la kulia."

Wakaendelea mpaka kidevuni. Pale vidole vya Singano vilisita, vikamwacha Saumu, vikaukamata udongo, vikaminya kidogo, vikaminya tena. "Hapo," alisema. Uso ukakamilika, una macho na kila kitu, na Bi Mkami aliutazama akatikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa amefinyanga vyungu. Hakujua kwamba mikono yake iliweza hivi.

Kupaza akaja na uzi.

"Wa nini?" aliuliza Bi Mkami.

"Wa kukatia, mama. Mashine haijui uso, inajua mistari. Nitaukata tabaka kwa tabaka, kama mkate, na kila tabaka nizungushie penseli. Halafu mashine itachimba ngazi kwa ngazi, nyembamba hata kidole kisizihisi."

"Uukate? Uso niliouvunjia mwiko?"

"Njia nyingine siijui."

Bi Mkami akageukia ukuta. "Kata. Usinionyeshe."

Kupaza akaukata. Kisha akaugeuza ubao, akaulaza kwa upande wake wa mwisho. Ubao ni mmoja, wa pili haupo. Mashine ya namna ile, umeme ukikatika, husahau mahali ilipokuwa, na ukirudi huweza kuanza pembeni, ikachora pua juu ya jicho. Kwa hiyo Kupaza hakuondoka. Aliutia ubao alama kila pembe, akaketi na moshi wake. Umeme ukikatika alizima, ukirudi alipima upya. Mkewe alimletea chakula mlangoni akisema, "Baba Tuma, hata hiyo mashine hupumzika."

Penye mwanzo wa nywele palikuwa na kifundo cha mti. Mwali ulipokifikia, kikashika moto. Feni ya kuondoa moshi ikaupuliza ule moto, ukainuka. Maji yalikuwa karibu, lakini maji yangeupinda ubao. Kupaza akauzima kwa kiganja. Vidole viwili vikaungua mpaka vikakakamaa, na tangu siku hiyo mwalimu wa hesabu huandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Ubao ukapelekwa. Singano alinawa mikono kama mtu anayekwenda kula. Akaweka vidole. Paji. Macho, yamefumba kama ya mtu anayesikiliza. Pua. Mashavu. Kidevu. Vidole vikafika kidevuni, havikuondoka. Na Singano, ambaye hakulia mazikoni, alilia mpaka majirani wakatoka nje.

"Pana kishimo cha moto pale juu, mzee," alisema Kupaza. "Nitakipiga msasa."

"Kiache. Mwanjaa naye hakuwa laini kila mahali."

Wakacheka, huku wamelowa machozi.

Singano aliishi na ubao ule miaka yake iliyobaki. Viti alisuka mchana, ubao aliulalia usiku. Kisha miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, naye akajua. Akawaita watatu wale, akaketi kitandani, ubao magotini.

"Niliapa," alisema. "Sikujua kwamba mngekuwa watatu. Semeni, nami nisikie."

Bi Mkami akatangulia. "Shemeji, mashine ilifuata udongo, na udongo uliinuka mikononi mwangu. Nyumba yetu ina mwiko, nikauvunja kwa ajili yako. Nikafinyanga uso mmoja tu katika umri wangu, nao ukakatwa kama sabuni, nami nimegeukia ukuta. Wenzangu wawili hawa wana vitu vingine vya kushika. Mimi nilichokifanya sinacho. Kimebaki humo ubaoni tu. Nipe."

Kupaza akafuata. "Mzee, kosa la kwanza ni langu, silikatai. Lakini aliyekosa ndiye aliyetafuta njia. Udongo ungepasuka, ungesagika, leo ungekuwa vumbi. Mimi ndiye niliyemtia Mwanjaa katika mti wake mwenyewe, na vidole vyangu nikavilipa. Kila nilichotengeneza kimetoka na kasoro, na watu wamecheka. Hiki peke yake hakuna aliyekicheka. Nipe."

Saumu akawa wa mwisho. "Baba, Bi Mkami alifinyanga, mwalimu akachimba. Lakini walifinyanga na kuchimba nini? Uso huu. Nilikuwa na siri moja ya kukulinda, nikaiweka chini ya mkono wako mbele za watu. Tangu hapo ukinisikia napita unashusha pumzi. Kitanda kililiwa, nguo za mama ziligawiwa, ukutani picha imefifia. Sina kingine chake. Nipe."

"Wewe una uso wake," alisema Bi Mkami kwa upole. "Kila ukijitazama kiooni unaye."

"Nikijitazama kiooni, Bi Mkami, naona mafuta."

Singano akaupima moyoni kila upande, na kila upande ukamshinda. Bila kipimo cha uso wa Saumu, udongo usingejua pua. Bila mikono ya Mkami, mashine isingejua uso. Bila Kupaza, vidole vyake vingemsahau Mwanjaa kabisa. Akafikiri kuukata ubao vipande vitatu. Akakumbuka mashimo yale mawili upande wa nyuma, akasema moyoni, "Mke wangu hatakatwa tena."

Ndipo akauinua ubao kwa mikono miwili, akaunyoosha mbele, gizani mwake. Mikono mitatu ikaupokea kwa pamoja. Singano akaipapasa mmoja mmoja. Huu una nyufa za udongo. Huu una vidole viwili vilivyokakamaa. Huu umelowa, umetoka kufuta shavu. Akaitambua yote. Akafungua kinywa atamke jina moja, maana ubao ni mmoja, wa pili haupo.

Mimi nanyamaza hapo, wanangu, na ubao bado uko juu ya mikono yao. Mwambieni ninyi, upesi, pumzi yake ni fupi: nani alimrudisha Mwanjaa? Je, kati ya watatu wale, nani alistahili kuachiwa ubao?