Jokofu Lililolia kwa Kwikwi

Uliona. Usiniambie hukuona. Sauti zilipita kwenye simu yako kama zilivyopita kwenye simu ya kila mtu mjini Lubumbashi: wanawake wawili wakitukanana mbele ya umati kwa ajili ya jokofu moja kuukuu. Ulicheka kidogo, ukasogeza kidole, ukaenda kutazama harusi ya mtu usiyemjua. Wahenga waliponena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, hawakuwa wakizungumzia wadudu. Walituonya kwamba wanyonge wawili wakirukiana kooni, yupo wa tatu aliyetua ukutani, kimya, anangoja mlo wake. Basi leo hutasogeza kidole. Keti usikilize.

Ulikuwa mwaka ule ambao Goma ilianguka mikononi mwa waasi, na habari za vita zikawa zinaingia mjini pamoja na vumbi la kiangazi. Mgodi alimofanya kazi mume wa Mulenga, mmoja wa wanawake wale wawili, ulifungwa asubuhi moja bila hata kengele. Mume akaenda Kolwezi kujaribu bahati, na tangu hapo sauti yake ikawa inakuja kwa nadra, kama redio ya nchi ya mbali. Mulenga akabaki mtaani Hewa Bora na watoto wake na munkoyo wake, kinywaji alichouza mlangoni.

Kwa munkoyo hakuna aliyemfikia. Aliupika uji wa mahindi, akautia mizizi yake, akauacha utulie mpaka unukie kama mvua ya kwanza. Lakini Septemba, mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau barabarani na hewa kuwa kama pumzi ya tanuri, nani atakunywa munkoyo wenye joto? Wateja walipita mlangoni pake wakaenda kwa jirani mwenye jokofu. Munkoyo ukachacha kupita kiasi, akaumwaga uani, na ardhi ikanywa bila kushukuru.

Ndipo alipoiona video.

Ilikuwa katika kundi la WhatsApp lililoitwa Soko Letu. Humo waliokimbia vita waliuza, na waliobaki na njaa wakanunua. Vitanda vilipita humo, na vyerehani, na gauni za harusi zilizovaliwa mara moja, vikielea mbele ya macho kama vyombo vilivyosombwa na mafuriko. Siku hiyo lilipita jokofu jeupe lenye kutu ubavuni, limesimama katika chumba chenye pazia lililocheza na upepo. Mkono wa mwanamke ukachomeka waya ukutani. Jokofu likalia kwikwi mara tatu, kama mtoto aliyebembelezwa lakini bado ana donge kifuani, kisha likaanza kuimba wimbo mmoja mnene, usiopanda wala kushuka.

"Iko nalia kidogo," ikasema sauti ya mwanamke asiyeonekana. "Lakini inatumika muzuri. Tulitoka nayo Butembo."

Mulenga aliitazama video ile mpaka akaijua kwa moyo. Mchana wa jua kali alijilaza mkekani, simu sikioni, jokofu likamwimbia. Akaota mlango mweupe ukifunguka na ukungu ukimwagika hadi miguuni pake. Ndani, chupa zake zilisimama kwa mistari kama wasichana wa komunyo ya kwanza, na kila chupa ilikuwa na ua la barafu kifuani. Alipoamka, mdomo wake ulikuwa mkavu, lakini moyo wake ulikuwa baridi na mtamu. Akauza masufuria yake ya harusi. Akauza vitenge vyake, akabakiza viwili: cha kuvaa, na cha kujifunga anapofua kile cha kuvaa. Alijua kwamba jokofu hilo likishindwa, hana tena kitu cha kuuza isipokuwa paa lililo juu ya watoto wake.

Mwenye kundi aliitwa Guelor, mtu mwenye sauti laini ya kulaza watoto. Aliweka sheria, na watu wakamsifu kwa sheria hiyo. Katika nyakati za fujo, alisema, muuzaji na mnunuzi wasionane, wasipeane namba. Kila kitu kipitie kwanza depo yake, ghala lililoko mtaa wa Bel-Air, kikaguliwe, na kila neno lipitie kwake. "Ni kwa usalama wenu, bandugu."

Usalama! Tangu lini kondoo akamkabidhi fisi ufunguo akalala usingizi? Lakini mtu akichoka, hata kamba ya kumfungia huiona mkeka.

Jokofu likafika Hewa Bora wakati umeme umekatika mtaa mzima. Siku zikapita, umeme haukuja. Mulenga hakunung'unika. Alilifuta vumbi kila asubuhi, na watoto walibandika masikio yao ubavuni mwake wakisema linalala, tusiliamshe. Alijaza chupa, akazipanga ndani, akangoja kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

Alasiri moja balbu zikawaka. Mtaa mzima ukapiga kelele: "Courant! Courant inarudia!" Redio zikafoka, pampu zikanguruma. Mulenga akapiga magoti mbele ya jokofu, akafumba macho, akangoja kwikwi.

Hakikulia kitu.

Akachomoa waya, akachomeka tena. Akaligonga kwa kiganja, kwa upole, kama anayeamsha mgonjwa. Kimya. Jioni ile alirekodi sauti: "Papa Guelor, umuambie ule mama, frigo yake ilikufwa! Alinitumia maiti. Mi siko makaburi!"

Jibu likaja kupitia kwa Guelor, kwa sauti ile ile ya kwenye video: "Mi niliuza kitu kizima. Kama alikiharibu, asinitafute mimi." Pamoja na jibu Guelor alidondosha jina, na hivyo ndivyo Mulenga alivyomjua adui yake: Kahambu, mke wa mfanyabiashara wa Kivu, huko mashariki, ambaye mizigo yake ilikwama njiani barabara zilipofungwa.

Neno likazaa neno. Guelor hakuzima moto. Alizimwaga sauti zote katika kundi, eti ukweli uwe wazi kwa wote. Mulenga akasema mwizi. Kahambu akasema mchawi wa vyombo. Kisha akaingia Chadrack, kijana wa Hewa Bora mwenye koo la kipaza sauti, aliyekuwa hajanunua hata kijiko katika soko hilo.

"Bale bantu ba Kivu njo vile! Banakimbia vita kwabo, banakuya kutuuzishia bitu ya kufwa. Barudie!"

"Na ninyi munangojea mgodi iwalishe bukari mudomoni," akajibu mmoja wa Mashariki. "Mgodi imefunga, sasa munalia kwetu!"

"Rudia kusema vile mbele yangu!"

"Nitumie nauli, nikuye!"

Watu walicheka. Nyuso za njano za kicheko zilimiminika simuni kama mvua. Wewe pia uliweka moja.

Usiku huohuo Guelor akamwandikia Mulenga faraghani: "Mama, mbele ya bantu siwezi kusema. Lakini unabajua bale. Anwani yake ni hii. Mi sikukuambia kitu."

Mulenga hakulala vizuri. Alipofumba macho alijikuta msichana mdogo tena, kwenye kituo cha treni, mwaka ule majirani waliotoka Kasai walipofukuzwa mjini. Mimi nautaja mwaka huo kwa sababu ninyi mmeuweka kabatini mkapoteza ufunguo. Aliwaona wamelala kando ya reli juu ya magodoro yao, wakingoja treni isiyokuja. Aliona jirani yao Hortense akimpa mama yake cherehani kwa kikapu cha unga wa safari. Mama hakushona nacho hata uzi mmoja maisha yake yote. Upepo ulipovuma, gurudumu lilizunguka lenyewe. Na pale kituoni, ndotoni kama ilivyokuwa kweli, lilisimama lori la buluu lililoandikwa usoni MUNGU NI MWEMA. Mtu mmoja juu yake alikuwa akinunua vitanda, makabati, milango ya nyumba, kwa bei ya machozi. Umati ulikuwa unaimba "barudie". Mtu yule hakuimba. Alikuwa anapakia.

Jumamosi walikwenda Bel-Air, kwa Kahambu. Chadrack alitangulia na vijana wake. Mulenga alifuata mkokoteni uliobeba jokofu, na maua ya jakaranda yakaliangukia njia nzima, hata likafunikwa kama jeneza la mtu mwema. Kwa mbali ule mlima wa makapi ya shaba ya kiwanda cha mjini ulikuwa umelala katika moshi, mweusi, kama mnyama aliyeshiba zamani. Hakuna aliyeimba. Mulenga aliona miguu yake ikienda kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Leo tunamutosha inje na bitu yake," Chadrack alisema mbele ya lango. "Mama Mulenga, wewe njo utasema neno la kwanza."

Lakini vyombo vilikuwa tayari nje. Viti, magodoro na makabati vilikuwa vinapandishwa juu ya lori la buluu. Mulenga akasoma maandishi yaliyofifia usoni mwa lori: MUNGU NI MWEMA, lile lile la kituoni.

Kahambu akatoka. Haikuwa ile sura aliyojichorea Mulenga, ya mwanamke mnene mwenye dharau. Alikuwa mwembamba, kitenge kimemlegea kiunoni, amebeba picha ya harusi yake kifuani. Akawatazama wote, kisha macho yake yakaenda kwenye mkokoteni.

"Munaleta frigo yangu," alisema polepole. "Muliifunika na maua."

"Ilikufwa," Mulenga akajibu, na sauti yake haikuwa na hasira aliyoibeba njia nzima. "Yaya, dada yangu, ju ya nini ulinifanyia vile? Niko na batoto."

"Mimi pia niko na watoto! Mungu anaona, iliondoka kwangu inalia na inaimba. Papa Guelor aliniambia wewe njo unaleta watu kunichoma. Alisema niuze yote upesi, nitoroke. Njo ananunua hivi, bei ya kunihurumia."

"Kwako alisema nakuya kukuchoma?"

"Na kwako alisema nini?"

Wakati huo huo, kutoka mwanzo wa barabara, sauti za watoto zilipanda kama ndege: "Courant! Courant inarudia!" Na ng'ambo ya njia, nyuma ya lango la depo ya Guelor, kitu kikalia kwikwi.

Kikalia tena. Kikalia mara ya tatu, na donge lile lile la kifuani. Kisha kikaanza kuimba.

Wanawake wawili waligeuka pamoja kama waliovutwa kwa uzi mmoja. Mmoja aliijua sauti ile kwa kuishi nayo, mwenzake kwa kuiota. Kahambu aliacha picha ikining'inia mkononi. Mulenga alivuka njia akitembea kama anayetembea majini, akasukuma lango, na umati ukamfuata bila kujua unafuata nini.

Ndani lilisimama jokofu kubwa linalong'aa kama jino la dhahabu, limeandikiwa kupelekwa kwenye nyumba moja ya Golf, mtaa wa matajiri. Guelor alikuwa kando yake, ameshika simu, akitabasamu.

"Bamama, taratibu. Mota zote zinalia vile."

Mulenga hakubishana. Alitoa simu yake, akaifungua video ile aliyoijua kwa moyo, akaiweka ubavuni mwa jokofu. Kisha akachomoa waya, akasubiri, akauchomeka. Ndani ya simu na ndani ya chuma, kilio kimoja kikatoka kwa pumzi moja: kwikwi, kwikwi, kwikwi, na wimbo juu ya wimbo, hata mtu asijue ni upi wa jana na ni upi wa leo.

Mzee mmoja aliyefuata umati akavua kofia. Chadrack, mwenye koo la kipaza sauti, akatafuta bisibisi. Walifungua jokofu lililokufa nyuma, wakaona skrubu mpya juu ya mota ya zamani iliyoungua. Walifungua na mengine mle depo, yakawa hivyo hivyo: mota nzima zimechomolewa, zilizoungua zimewekwa mahali pake.

"Tumuchome yeye!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Hapana," Mulenga akasema. "Pale langoni mulisema tumutoshe ule, hapa munasema tumuchome huyu. Moto wenu haujui kuchagua. Rudisheni bitu ya mama ndani."

Mikono iliyokuja kumtupa Kahambu nje ndiyo iliyomrudishia vitanda vyake. Chadrack alibeba kabati mgongoni, na Kahambu akamwambia, "Angalia mlango, wewe mwenye mdomo mkubwa, usigonge," naye akacheka kwa aibu. Mota ikarudishwa mahali pake. Wiki ile, katika chumba kidogo cha Hewa Bora, mlango mweupe ulifunguliwa na ukungu ukamwagika hadi miguuni mwa wanawake wawili, nao wakanywa munkoyo baridi kutoka chupa moja wakipokezana.

Ungependa niishie hapo. Sitaishia hapo.

Guelor, aliyeponyoka umati ulipokuwa ukibeba vitanda, aliwatoa wote wawili katika kundi, "kwa kuvuruga amani". Kundi likabadilishwa jina. Lori la buluu lilioshwa, likapakwa rangi nyeupe. Na leo, sasa hivi, humo ndani kuna kijana anayegombana na mjane juu ya televisheni isiyowaka, na watu wameshaanza kuulizana mjane huyo ametoka wapi. Simu iko mkononi mwako. Usicheke, usisogeze kidole. Mtafute muuzaji, mtafute mnunuzi, wakutanishe uso kwa uso leo hii, kabla lori halijafika langoni. Kisha inua macho utazame aliyetua ukutani, umfukuze. Inuka sasa, kwa maana aliyeshiba ameshiba kwa ugomvi wetu: vita vya panzi, furaha ya kunguru.