Baraza Lililoliwa na Kodi

Hadithi ninayo, jibu sina. Nipeni masikio sasa; midomo yenu nitaihitaji mwishoni.

Pale Songea fundi mmoja wa nyumba aliacha watoto watatu na kampuni ndogo ya ujenzi. Odilo, kifungua mimba, alijaliwa mkono. Ukuta aliousimamisha, ukimwaga maji juu yake hayajui yakimbilie wapi. Gaudensia, wa kati, alijaliwa mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Yeye ndiye aliyetafuta kazi na kuwa shahidi wa mapatano ya bei. Fausta, kitinda mimba, alijaliwa kompyuta. Ankara zote zilitoka kwake, kwenye programu ya hesabu, safi kabisa, kodi imewekwa kwenye mstari wake peke yake. Huyu Fausta ndiye tutakayemfuata, maana ndiye ambaye hadi leo halali vizuri.

Mteja wa mwisho wa baba yao alikuwa Mama Skola, muuguzi mstaafu. Alitaka nyumba ndogo yenye baraza pana upande wa mawio, amlete dada yake Apolonia kutoka Mbinga. Miguu ya Apolonia ilikuwa imeharibiwa na baridi, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuota jua la asubuhi akiwasalimia wapita njia. Baba akataja bei mbele ya Gaudensia.

"Kila kitu kimo humo, mama. Hata kodi ya serikali imo."

Wakapeana mikono. Mzee yule akishakupa mkono, haongezi hata senti. Lakini kabla kuta hazijapanda, akafariki.

Sasa sikieni kosa lilivyozaliwa. Fausta, macho yamemvimba kwa kulia, aliketi kuandaa ankara ya Mama Skola. Programu ikamuuliza kama inavyomuuliza kila siku: bei hii ina kodi ndani, au kodi iongezwe juu? Wateja wake wengine wote walikuwa shule na makampuni, na kwao kodi huongezwa juu. Akabonyeza kama alivyozoea, akatuma. Hakumuuliza mtu.

Mama Skola akaona jumla imepanda. Angeuliza, lakini alivyolelewa yeye, mfiwa hahojiwi habari za pesa matanga yakiwa hayajaisha. "Watoto wa watu wanalia, mimi niwapelekee makaratasi? Aka!" Na kwa kuwa pesa ya kuongeza hakuwa nayo, akampigia simu Odilo: "Mwanangu, lile baraza liache tu."

Odilo akaliacha. Kwake neno la mwenye nyumba ni amri, na kuuliza sababu ni umbea. Fausta, alipoambiwa, akaingia kwenye ankara akafuta mstari wa baraza. Ule wa kodi akauacha. Jumla ikarudi karibu na ileile ya baba. Gaudensia, akipita mbio kwenda Tunduru kutafuta kazi nyingine, akachungulia chini ya karatasi, akaona bei anayoijua, akasema, "Safi!" Ya juu hakuyasoma.

Basi baraza zima likaliwa na mstari mmoja wa kodi, na wote watatu wakiwa macho.

Apolonia alishuka kwenye basi na kiti chake cha mianzi. "Hiki ni cha barazani," alisema, "msije mkanikalisha nacho ndani!" Maskini, alikalishwa ndani, karibu na dirisha lisiloona jua. Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Hakukimaliza.

Siku ya mazishi kulinyesha manyunyu, na waombolezaji wakakaa kwenye tope mbele ya mlango. Gaudensia akashangaa.

"Jamani, baraza liko wapi? Si lilikuwa ndani ya bei ya baba?"

"Mwenyewe alisema tuache," Odilo akajibu.

Fausta akaikumbuka ankara. "Mungu wangu. Kodi niliiweka juu. Ilitakiwa iwe ndani."

Matanga yalipoisha alikwenda peke yake, akapiga magoti, akasema yote. Mama Skola akamtazama. "Nilijua, mwanangu. Ila ningewadaije mkiwa na msiba?" Kauli hiyo ilimuuma Fausta kuliko tusi. Akaandika ankara mpya, kodi ndani, mstari wa baraza umerudi, bei ni ya baba. Saruji na bati akavinunua kwa mshahara wake.

Mama Skola akakataa. "La nini sasa? Aliyelitaka mmemzika wenyewe." Akafunga mlango. Hapo ndipo Gaudensia alipokwenda, akarudi, akaenda tena, akibembeleza na kulia, mpaka mlango ukafunguliwa.

Odilo naye hakupeleka kibarua hata mmoja. Alichimba, akajenga na kusakafia kwa mikono yake mwenyewe, bila malipo. Likatoka baraza ambalo watu walisimama njiani kulitazama.

Asubuhi ya Jumapili Mama Skola akatoa kiti cha mianzi, akakiweka juani.

"Kiti cha dada yangu hakitakaa bure. Kila Jumapili mmoja wenu aje akae nami. Mmoja tu, na awe yuleyule, si kwa zamu; nisije nikafanyiwa kikao. Nanyi ndio mtakaochagua."

"Nimelijenga mimi," Odilo akasema.

"Bila mdomo wangu ungelijenga wapi?" Gaudensia akamjibu.

"Na bila mimi kusema ukweli," Fausta akanong'ona, "nani angejua?"

"Wewe?" Odilo akamgeukia. "Aliyebonyeza ni nani?"

"Na aliyeacha bila kuuliza, kaka? Na shahidi ambaye hakusoma?"

Fausta alikitamani kiti kile, maana alijua mwenye kukikalia ndiye atakayekuwa amesamehewa. Na alikiogopa vilevile.

Mama Skola amekwisha kumimina chai, vikombe viwili. Kimoja kinapoa.

Haya, midomo yenu sasa. Wote watatu walilibomoa baraza kabla halijajengwa, na wote watatu wamelijenga aliyelitaka akiwa kaburini. Je, wewe ungemkalisha nani?