Kufuli la Anifa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, maana yake anayekudhuru huwa karibu nawe kuliko unapomtafuta. Anifa aliijua methali hiyo tangu shuleni. Tatizo ni kwamba aliamini inamsema jirani.

Anifa aliuza samaki sokoni Babati. Perege wake wa ziwani aliwahifadhi kwenye friza, katika chumba cha kupanga huko Bagara alimolala na bintiye Mosi. Barazani palikuwa na kisanduku cha bati cha umeme, na ndani yake kila chumba kilikuwa na breka yake, swichi ya kukatia umeme. Kisha breka ya Anifa ilianza kujikata. Akirudi kutoka sokoni anakuta friza kimya, samaki wamelegea. Akiipandisha, kesho inajikata tena.

Nani kama si Naitira, binti wa Simanjiro aliyepanga chumba cha pili? Si ndiye aliyewahi kuziba pua kwa harufu ya samaki? Tangu hapo, Naitira akifagia baraza, Anifa alimchungulia pazia likiwa limefungwa nusu. Akisalimiwa, aliipokea salamu kama anayenusa maziwa ya jana.

Hatimaye alinunua kufuli, akakifunga kisanduku, ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga. Kesho yake breka ilijikata vilevile. Mwingine angejiuliza ni mkono gani unaopenya bati. Anifa alikwenda kwa mwenye nyumba, Mzee Venance, kusema Naitira amechongesha ufunguo.

Mzee Venance alikuja, akamwambia Naitira atafute chumba kwingine. Naitira hakuwa na ndugu mjini, na machozi yalimlengalenga.

"Nitahama, mzee," alisema. "Ila kwanza Mama Mosi afungue hapo, sote tukiona."

Anifa alifungua, akaipandisha breka. Chumbani friza ilinguruma, mara breka ikashuka yenyewe, hakuna aliyeigusa. Anifa alinyoosha mkono airudishe, mzee akamzuia.

"Acha. Ikikataa hivyo hailazimishwi. Tumwite fundi."

Fundi Josephine alikuja kutoka Singe. Alichomoa kila kitu chumbani kwa Anifa, akakausha mikono, ndipo akapandisha breka. Ikatulia. Akachomeka redio, ikatulia. Akachomeka waya wa friza, ikajikata.

"Huu waya umepita wapi?"

"Chini ya mkeka," Anifa alijibu. "Niliupitisha mwenyewe, mtoto asijikwae."

Josephine alizima swichi kuu, akachomoa waya, akaukunja mkeka. Mguu wa friza ulikuwa umeukandamiza waya hadi ukachubuka, na pale Mosi alipozoea kulaza kichwa, mkeka ulikuwa umeungua mweusi.

"Breka ilikuwa inamwokoa mtoto," Josephine alisema. "Wewe ukawa unaipandisha tu. Na moto ungewaka, nani angewahi kuzima umeme wa chumba chako na kufuli hilo?"

Anifa alikaa sakafuni, akapapasa pale palipoungua. Alipoinua macho, Naitira alikuwa amekwisha kumbeba Mosi mgongoni.

"Leo atalala kwangu, Mama Mosi," alisema, "mpaka waya ubadilishwe."

Mzee Venance alijikohoza, akasema habari ya kuhama imekwisha. Anifa alimpa kufuli lile akalitupe. Adui aliyemchungulia kwa jirani alikuwa amemtandikia mkeka yeye mwenyewe, akamlaza mwanawe juu yake. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.