Kabati la Fundi Senkondo

"Mficha ufa hulowa kiangazi." Mmenicheka niliposema hivyo, mkauliza mtu atalowaje wakati hata visima vimekauka. Basi wekeni hizo brashi chini, wajukuu zangu. Mpangaji wenu wa kwanza anahamia Jumamosi na leo ni Jumatatu tu, rangi haitawakimbia. Kaeni hapa kwenye baraza niwaeleze.

Methali hii ilianza hivi. Huko milimani Upareni paliishi fundi mwashi aliyeitwa Senkondo, mgane, ambaye watoto wake wote walikuwa wameshajitegemea. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliijenga mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa ikimsemea. Mtu akitaka kujenga alipelekwa kwanza kuitazama, akapigapiga ukuta kwa kiganja, akaondoka akisema, "Huyu ndiye fundi." Mwaka ninaousimulia, kata ilikuwa inataka kujenga zahanati, na kamati ilikuwa bado inatafuta mwashi. Senkondo aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote duniani.

Masika ya mwaka huo, ukuta wa chumba cha nyuma ukapasuka. Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, mwembamba wa kupitisha ukucha. Senkondo hakuhitaji kuambiwa sababu. Msingi wa kona ile aliuchimba mbiombio siku ya mwisho, akikimbilia kazi ya mtu mwingine. Angeubomoa ukuta na kuujenga upya, lakini kijiji kizima kingemwona fundi akibomoa nyumba yake mwenyewe, na kamati nayo ina macho. Akasema moyoni, "Nitaushughulikia zahanati ikishakuwa mikononi mwangu." Kwa nje akaupiga lipu na chokaa. Kwa ndani akausogezea kabati kubwa la mninga.

Haukupita muda mama yake akaugua, huko ng'ambo ya bonde, akawa hawezi hata kuinuka bila kushikwa. Senkondo akahamia kwake kumuuguza. Nyumba isiyofuka moshi huwa ya mchwa, kwa hiyo akatafuta mpangaji. Akampata Mwalimu Mwakipesile, kijana aliyehamishiwa shule ya hapo kutoka Tukuyu, pamoja na mkewe Atuganile, ambaye alikuwa mjamzito.

Senkondo hakuwahi kumpangisha mtu hata banda la kuku. Siku ya kukabidhi funguo aliwatembeza chumba hadi chumba, na walipofika cha nyuma akasimama mbele ya kabati.

"Mwalimu, nyumba hii ni yenu. Ombi langu ni moja. Kabati hili msilisogeze."

"Hatutaligusa, mzee," alisema mwalimu, na hakuuliza sababu, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Tangu siku hiyo Senkondo hakuonja raha. Kutoka uani kwa mama yake aliliona paa la nyumba yake ng'ambo ya pili. Asubuhi moshi ukichelewa kutoka jikoni, alidhani ukuta umeanguka. Wingu likitanda, aliacha uji wa mgonjwa motoni akasimama uani kutazama, mpaka mama yake alalamike kwamba amezaa mlinzi wa mawingu. Kila wiki alipata kisingizio cha kuvuka bonde. Leo amepeleka parachichi, kesho amekwenda kukaza koki ya maji. Na kila alipofika, kabla hata hajamaliza salamu, aliuliza, "Kabati langu halijambo?"

Mwalimu na mkewe walitazamana. Kabati linajuliwa hali kama mjomba!

Masika yakaisha. Senkondo alidhani sasa atapumua, wapi! Jua liliwaka, ardhi ikapasuka, migomba ikainamisha majani, naye bado alikuwa akivuka bonde. Tena alianza kukonda. Kiangazi kilipokolea akaletewa habari kwamba Atuganile amejifungua mtoto wa kike, na kwamba mama yake mzazi, Bibi Tumwagile, amesafiri kutoka Tukuyu kuja kumlea.

Senkondo akabeba ndizi na kipande cha nyama vya kupikia mtori, ile supu ya mzazi, akaenda kumpongeza mzazi. Bibi Tumwagile alimpokea sebuleni. Mwanamume haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, hilo wote wawili walilijua, kwa hiyo alikaa kwenye kiti akapewa chai.

"Na mzazi amelala chumba gani?" aliuliza, kwa ajili ya mazungumzo tu.

"Tumemlaza penye heshima, baba," Bibi Tumwagile alijibu kwa fahari. "Chumba cha nyuma. Kitanda tumekisukuma mpaka kwenye kabati lako, na mtoto analala kichwa chake kikiwa hapo hapo."

Senkondo akaweka kikombe chini. "Kwenye kabati? Kwa nini kwenye kabati?"

"Mimi ni mgeni huku, lakini si mjinga. Mtu haji kila wiki kulijulia hali kabati lililojaa sahani. Nikamwambia binti yangu, nyuma ya kabati hili ndipo walipo wazee waliotangulia wa nyumba hii. Mtoto amezaliwa kwao, basi na alale karibu nao wamlinde. Wala usiogope, hatujalisogeza hata kidogo."

Jasho likaanza kwenye viganja. Likapanda mikononi, likashuka mgongoni, na kabla Bibi hajamaliza kusema, shati la Senkondo lilikuwa limegandamana na mwili. Alikuwa akiona matofali. Alikuwa akiona kichwa cha mtoto chini ya matofali.

"Ee baba! Umelowa chapachapa! Umenyeshewa wapi na kiangazi hiki?"

Hapo uongo ukamjia, tena uongo mzuri. Aseme tu kwamba wazee wa ukoo hawapendi mzazi alale pale. Bibi huyu angeamini mara moja, mtoto angehamishwa saa hiyo hiyo, na siri ingebaki nyuma ya kabati pamoja na jina lake na zahanati yake. Akafungua kinywa auseme.

"Kila asubuhi mimi hupiga goti pale," Bibi Tumwagile aliendelea, kwa sauti ya chini. "Nawaambia asante kwa kutulindia mtoto."

Senkondo alishindwa kumtazama usoni. Alikuwa amemfanya mama wa watu aupigie goti ufa.

"Mama," alisema, "hapana wazee pale. Ukuta umepasuka. Niliujenga mimi, na nikauficha mimi. Mtoeni mtoto!"

Hakungoja jibu. Aliingia chumba cha mzazi bila hodi, arobaini au si arobaini, na Bibi Tumwagile akamfuata, akamnyakua mtoto na kumwongoza binti yake hadi chumba cha mbele. Mwalimu alikuja mbio kutoka uani. Wanaume wawili wakavuta kitanda, kisha wakalisogeza kabati.

Ule ufa wa kupitisha ukucha, kwa upande huu wa ndani sasa ulipitisha vidole vinne. Senkondo akaingiza mkono wake humo. Miezi yote ile alikuwa akiogopa mvua, kumbe jua ndilo lililokuwa likiupanua, kwa sababu udongo wa kona ile hunywea ukikauka. Fundi alilijua jambo hilo tangu ujana wake, ila woga haukumpa nafasi ya kulikumbuka.

Akaomba nyundo. Alipiga mara tatu, na ukuta ukaporomokea ndani, palepale kilipokuwa kichwa cha kitanda.

Vumbi lilipotulia Bibi Tumwagile alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani. Hakupiga kelele. Angepiga, Senkondo angepata nafuu. Aliyatazama matofali, akalitazama shati la yule fundi lililokuwa bado linachuruzika, akasema polepole, "Kumbe mficha ufa hulowa kiangazi."

Majirani walikuwa wameshajaa uani, wakayasikia maneno hayo. Kwa muda mrefu walimtania nayo Senkondo kila alipopita, na hata watoto waliyaimba. Zahanati akapewa fundi mwingine, hilo sitawaficha. Yeye alikaa wiki tatu akichimba msingi wa kona ile mpaka akafika kwenye mwamba, akaujenga ukuta upya mbele ya macho ya kila aliyetaka kutazama, na mwalimu akamshikia timazi, ule uzi wa kupimia ukuta usimame wima.

Vuli ilipoanza, Senkondo alikuwa amekaa kwa mama yake akimchambulia maharage. Mvua ilinyesha kutwa nzima. Mama yake akamuuliza, "Leo hutoki kuyatazama mawingu yako?"

"Yana nini?" alisema Senkondo, akaendelea na maharage yake.

Haya, hadithi imefika mlangoni. Sasa nionyesheni lile doa la maji kwenye dari, ambalo tangu asubuhi mnalipaka rangi mkidhani bibi yenu haoni. Mficha ufa hulowa kiangazi.