Siwa Ukingoni mwa Kihunde

Palikuwa na Sultani mmoja, Sefu bin Dahmani, aliyekuwa na kila kitu, akataka na mahali pa Bi Somoe mtoni. Mahali penyewe padogo, pa kutandika mkeka mmoja, chini ya mkuyu.

Mvua za kwanza zikinyesha, kambare huupanda Mto Kihunde kwenda kutaga, na mji mzima hushuka ukingoni na migono, ile mitego ya kufuma kwa fito. Watu hubanana bega kwa bega, na wengi hurudi mikono mitupu. Bi Somoe, mjane asiye na shamba wala kuku, alijaza tenga kila siku. Samaki hao aliwakausha, wakamlisha mwaka mzima. Hakuwa na riziki nyingine.

Sultani akaja na watu sitini, akamwondoa, akachukua pahali pake. Sasa, desturi ya enzi yake ilikuwa kwamba Sultani hakai chini mpaka siwa, ile pembe kubwa ya kifalme, ipulizwe na ngoma saba zipigwe. Siwa ikapulizwa, ngoma zikapigwa. Mheshimiwa akainuka kunyoosha miguu, akakaa tena. Siwa tena, ngoma tena. Hakuwa mtu wa kutulia, maskini, makalio yake yalizoea mito ya hariri. Hadi jioni alipata kaa mmoja, naye kilema.

Bi Somoe alikuwa amehamia Jiwe Jeusi, mbali kidogo ukingoni. Tenga likajaa. Kesho yake Sultani akalitwaa Jiwe Jeusi, na Bi Somoe akarudi mkuyuni. Tenga likajaa. Mawaziri wakakubaliana kwamba ni uchawi. Kuhusu siwa hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja aliipenda shingo yake.

Siku ya tatu Sultani akamwita ukingoni mbele ya watu wote. Ataje mahali pazuri kuliko pote mtoni, na akisema uongo ahame mji kabla ya magharibi. Hasira ya Bi Somoe ilikuwa nyingi kuliko hofu. Akaomba jambo moja tu: Sultani aape mbele ya Kadhi kwamba mjane akisema kweli, hatamwondoa tena popote atakapotega. Sultani akaapa haraka. Alidhani ukweli nao ni kitu cha kukalia.

"Haya, bibi wewe. Samaki wako wapi?"

"Juzi walikuwa Jiwe Jeusi, Maulana."

"Juzi mimi nilikuwa mkuyuni."

"Naam. Na jana walikuwa mkuyuni."

"Jana nilikuwa Jiwe Jeusi."

"Nilikuona. Kukusikia ndiyo zaidi."

Watu wakashikwa na kikohozi cha ghafla. Kadhi akaulizwa, naye akakiri, huku akitazama viatu vyake, kwamba matenga yote mawili aliyaona kwa macho yake yakijaa, na mahali ni hapohapo alipopataja mama huyu.

"Unanizungusha," alisema Sultani. "Ya juzi na jana yamepita. Nataka mahali pa kesho. Nionyeshe kwa kidole."

"Nitakuonyesha, na Kadhi awe shahidi. Ila niambie kwanza, Maulana, kesho utakaa wapi?"

"Hilo linawahusu nini samaki?"

"Wao ndio wanaouliza."

Sultani akautazama mto juu na chini. Akauona uwanda wa kivukoni, mpana, wa kuzitosha ngoma zote saba na wapigaji wake.

"Pale kivukoni," akasema. "Na sibanduki msimu mzima. Haya, sema. Kambare watakuwa wapi?"

Bi Somoe akainama, akaokota tenga lake, akajitwika kichwani.

"Kwingine kote, Maulana."